Wageni Sitini Mlangoni kwa Bi Zaituni

Leo nimeadhirika. Tena kwa lugha tano.

Nimekaa hapa kibarazani kwetu Ipuli, saa moja kasoro jioni, magoti yangu bado yana vumbi, na nimeona heri niwasimulie mwenyewe kabla Shabani hajawafikia. Shabani akisimulia ataongeza chumvi. Mimi nawapa ilivyo, maana ilivyo inatosha.

Mnajua mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha mazingira. (Asiyejua hajanisikiliza vizuri, huwa nalisema kila siku.) Tuko vijana saba. Shabani, fundi baiskeli pale stendi, ndiye katibu. Mwezi wa tatu tulipanda miti sitini kando ya barabara ya kwenda shule ya msingi: mizambarau na mijohoro, kila mti na uzio wake wa miiba. Mvua zilikuwa zinaaga. Wazee walituambia tumechelewa, tukawaambia tuna ratiba.

Miti yenyewe si ya hivi hivi. Sisi ni wanachama wa mtandao wa vijana wa mazingira wa dunia nzima, na kila mti wetu una pacha. Kijana wa huko ng'ambo anapanda mti kwao na kuupa jina la mmoja wetu, nasi tunapanda wa kwetu na kuupa jina la mmoja wao. Majina tumeyaandika kwa rangi kwenye vipande vya bati, tukavifunga kwa waya. Kwa hiyo mahali fulani huko Chile kuna mti unaitwa Veronika. Natumaini unamwagiliwa.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua. Mtandao una tangi moja la maji na pampu moja ya sola ya kuvuta maji kisimani. Vikundi kumi vinavitaka. Kila kikundi kinapewa dakika tatu mbele ya vijana wa nchi zote, kwa simu ya video, halafu kamati inachagua. Na sisi tulikuwa tunavihitaji kwelikweli, si kwa kujigamba. Mvua hapa Tabora hazitegemewi kabla ya mwezi wa kumi na moja. Maji tunayabeba kwa ndoo kutoka bomba la shule, na mwalimu mkuu ametuambia wiki ijayo ndiyo mwisho, maji hayawatoshi hata wanafunzi. Bila tangi, miti sitini inakauka mbele ya macho yetu.

(Nimesema tunayabeba kwa ndoo. Naomba mlishike hilo neno, nitalirudia kwa masikitiko.)

Tuna zamu. Yangu ni Jumanne. Jumanne ya kwanza ya kiangazi nilikwenda, nikamwagilia. Ya pili nilikwenda. Ya tatu nikakuta udongo umelowa. Nikasema, ah, kumbe Shabani wa Jumatatu amefanya kazi ya watu wawili, Mungu ambariki. Nikarudi nyumbani. Ya nne, umelowa. Ya tano sikwenda kabisa, maana udongo ukishalowa, ukienda unakwenda kuuangalia tu.

Ndipo nikapata wazo. Mwanzoni mwa kiangazi nilikuwa nimetandaza majani makavu kuzunguka kila shina, ili unyevu usipotee. Simwagilii, na miti inanenepa! Nikajua ni majani yangu. Nikauandikia mtandao barua ndefu: sisi vijana wa Ipuli tumegundua njia ya kumwagilia mara moja tu kwa wiki katikati ya kiangazi cha Tabora. Nikaipa jina. Nikaiita Mbinu ya Ipuli.

Mtandao ulifurahi! Walinijibu kwa alama za kupiga makofi. Walisema leo niielezee dunia.

Shabani aliniuliza swali moja tu.

"Mwenyekiti, sasa kama miti haitaki maji, tangi la nini?"

Nikamwambia hayo si maswali ya katibu.

Basi. Leo saa kumi na robo tuko barabarani. Nimevaa koti la dada yangu anayefanya kazi benki. Nywele nimesuka jana. Shabani kashika simu, maana nilitaka picha inayotembea, niwaonyeshe miti huku nikizungumza. Nilimpa maagizo mazito: "Usiniache hata sekunde moja. Nikienda kushoto, kushoto. Nikienda kulia, kulia." Shabani ni mtiifu sana. Leo ndiyo nimejua utiifu una hatari yake.

Kabla hatujaanza nikaongea na mkalimani wetu, kijana wa Mombasa anaitwa Faraji. Sauti yake tamu kama ya redioni.

"Dada Veronika, wewe sema Kiswahili chako raha mustarehe," akaniambia. "Mimi natia Kiingereza, na wenzangu wanachukua kwangu wanatia Kihispania, Kifaransa na Kireno."

"Kila nitakalosema?"

"Kila litakalosikika, dada yangu. Hata ukikohoa, n'tawaambia umekohoa."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Kikundi kilichotutangulia ni cha Nepali, wana picha za milima mpaka unaona baridi. Wakamaliza. Akatokea Matilda, msichana wa Chile mwenye miwani mikubwa, ndiye aliyekuwa anaongoza mkutano na ndiye mkuu wa kamati. (Mti wetu wa kwanza kabisa una jina lake. Nilifanya hivyo makusudi. Nani asingefanya?) Akatukaribisha, na saa ikatokea kwenye kioo, namba nyekundu zinazorudi nyuma. Dakika tatu.

Nikaanza. Jamani, nilianza vizuri! Nilisema sisi hatuisubiri kesho, tunaipanda. Nilisema kijana wa Ipuli na kijana wa Chile wanakunywa hewa moja. Shabani akazungusha simu, miti ikaonekana, majani mabichi yanang'aa, na kule nyuma barabara nzima imekauka ina rangi ya kutu. Niliona sura zinashangaa. Nikasema, "Na sasa nitawaambia siri ya Mbinu ya Ipuli."

Geti likalia nyuma yangu.

Miti yetu kumi ya mwanzo iko mkabala na nyumba ya Bi Zaituni. Bi Zaituni amepita miaka sabini, anashona kofia, na ukoo wao ni wa hapa mjini tangu enzi za misafara. Anamjua mama yangu tangu mama hajaolewa. Alikuwa ametoka nje, na ndoo ya maji kichwani.

Sasa wale mliokulia kwingine mtauliza, si ungeendelea tu na mambo yako? Hapana. Hapa kwetu mzee hapiti hivi hivi. Na salamu yenyewe si neno moja ukalitupa kama mtu anatupa ganda la muhogo. Unasimamisha shughuli, unainama, unaulizwa, unajibu, na unaondoka ukiruhusiwa. Ningempita Bi Zaituni bila kumwamkia, kabla ya magharibi mama angekuwa na habari zote, na mimi bado nakula kwa mama. Lakini nikasema nitafanya haraka. Nilikuwa na dakika mbili na sekunde kumi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, macho kwenye simu.

Halafu nyuma yangu, taratibu kabisa:

"Nani huyo ananiamkia kwa kisogo?"

Miguu ikamtii yeye kabla mimi sijaamua. Nikageuka, nikapiga magoti kwenye vumbi na koti la benki. Waya wa spika za masikioni ukachomoka kwenye simu, na kuanzia hapo simu ikawa inasema kwa sauti kubwa barabara nzima isikie. Na Shabani, mtumishi mwaminifu, akaishusha kamera pamoja nami hadi chini.

"Shikamoo, Bibi."

Nikamsikia Faraji akitia Kiingereza: mzungumzaji amepiga magoti, anaomba kuishika miguu ya bibi yake.

Nikatupia jicho kwenye kioo. Yule wa Nepali amekutanisha viganja. Dada mmoja wa Brazili ameweka mkono kifuani. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama, Bibi."

"Mama?"

"Mzima, Bibi."

"Goti lake?"

"Linaendelea vizuri. Anachua na ile dawa." (Goti la mama yangu likafasiriwa. Likaenda Ureno.)

"Na baba bado yuko shambani Urambo?"

"Bado, Bibi."

"Tumbaku ya msimu huu ilikubali?"

Hapo nilijua swali linalofuata, kila mtu wa mkoa huu analijua.

"Ilikubali, Bibi."

"Na kuni za kukaushia za msimu ujao, ameshapata?"

Nikaitupia jicho simu. Saa ilikuwa inasema dakika moja na sekunde ishirini.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Ameshapata, Bibi."

"Za kutosha?"

Mtu ukiwa umepiga magoti mbele ya mzee, uongo hautoki. Nimejaribu, leo nathibitisha.

"Lori zima, Bibi."

Faraji akakohoa kidogo (yeye mwenyewe!), halafu akasema. Kiingereza kikafika kwanza, nikaona safu ya juu ya sura wamefumba midomo kwa mikono. Halafu Kihispania. Halafu Kifaransa. Kireno kilichelewa, kwa hiyo wakati wengine wameshaanza kutulia, watu wa Kireno ndiyo kwanza wanashtuka. (Baba naye amepanda miti yake mwenyewe ya kuni, miaka miwili sasa. Lakini utalichomeka wapi hilo katikati ya salamu?)

Nikajaribu kuaga. "Haya Bibi, nashukuru, acha niendelee na..."

"Unashukuru nini na hata ndoo hujanitua?"

Kweli. Nikasimama nikamtua ndoo. Ndoo ya kijani. Ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wangu mimi, jina la kikundi chetu.

"Bibi," nikasema kwa sauti ndogo, "hii ndoo..."

"Yenu. Niliikuta imelala chini ya mti tangu mwezi wa tano. Nikaona ndoo haina kosa, nikaitia kazini."

Shabani akaisogelea ile ndoo na kamera, vizuri kabisa, mpaka maandishi yakasomeka. Nilimtolea macho. Akadhani namwambia asogee zaidi.

Bi Zaituni hana habari na simu. Akachukua kopo lake akaanza kumwagilia, huku anazungumza nami kama tuko uani kwake.

"Huyu Matilda ni mlevi," akasema, akimimina kopo la tatu kwenye mti wa kwanza. "Kila siku nampa, kila siku anataka. Huyu jirani yake, nani vile, Antwani, huyu ana haya, ukimpa kidogo ameshiba. Lakini Matilda!"

Nikasikia Kiingereza cha Faraji kikitetemeka. Matilda ni mlevi.

Matilda mwenyewe, yule wa Chile, mkuu wa kamati, akavua miwani akafuta macho. Anacheka mpaka mabega yanaruka. Mahali fulani kwenye safu ya chini kijana mmoja akanyoosha mkono akijipiga kifuani kwamba ndiye Antwani. Saa ilikuwa imebaki sekunde kumi na tano na sikuwa nimesema siri yoyote.

Ndipo Matilda akauliza, na Faraji akaleta kwa Kiswahili, kwa sauti ile kubwa:

"Mwenyekiti wa kikao anaomba kumuuliza Bibi. Bibi anaimwagilia miti mara ngapi kwa wiki?"

Bi Zaituni akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni vijana wenzetu, Bibi," nikasema. "Wako nchi za nje. Wanatuona."

"Aa! Wageni!" Akajifuta mikono kwenye kanga, akaisogelea simu mpaka ninavyohisi walimwona pua peke yake. "Hamjambo, wanangu! Karibuni! Mmeuliza mara ngapi? Kila siku. Nikishaswali alasiri. Leo upande huu, kesho ule, mgongo wangu hauwezi yote kwa mara moja."

Faraji akafasiri. Hakuna aliyecheka mara hii. Nikawaona wanaandika.

"Na majani makavu?" Matilda akauliza. "Tumeambiwa majani makavu yanahifadhi maji. Tumeambiwa ndiyo siri."

Nilitamani bundle liishe. Nilikuwa nimeweka bundle kubwa, la wiki nzima. Halikuisha.

"Majani yepi?" Bi Zaituni akaangalia chini. "Yale aliyoyaleta Veronika? Nilishayatoa zamani, mwanangu. Hapa kwetu kuna mchwa. Ukiwatandazia majani makavu mpaka shinani umewaalika harusini. Niliyakusanya nikayachoma. Haya machache mnayoyaona yameletwa na upepo."

Hapo ndipo nilipoumbuka, kama mlikuwa mnasubiri kujua ni wapi. Si kwenye magoti, wala kuni, wala ndoo. Ni pale. Mbinu ya Ipuli, niliyoipa jina, niliyopigiwa makofi, ilikuwa mabaki yaliyopeperushwa na upepo.

Saa ikafika sifuri. Kengele ikalia. Lakini Matilda hakunikata. Akavaa miwani yake na kuniuliza mimi sasa, kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Faraji akaleta:

"Veronika, ile ya mara moja kwa wiki si kweli?"

Kumbukeni, tangi na pampu viko pale. Miti sitini inasubiri. Nikimwambia ni kweli, Bi Zaituni amesimama hapa na kopo. Nikimwambia si kweli, nimekitosa kikundi. Nikamtazama Shabani. Shabani akatazama kwingine kwa mara ya kwanza leo.

"Si kweli," nikasema. "Jumanne ni zamu yangu na sijabeba ndoo tangu mwezi wa tano. Nilikuta udongo umelowa nikadhani ni mwenzangu. Nadhani na wenzangu walidhani ni mimi. Sikuuliza, kwa sababu sikutaka kujua."

Shabani akaguna nyuma ya simu. "Hata mimi Jumatatu nilidhani ni wa Jumapili," akasema. Likafasiriwa na hilo.

Niliona haya, ndugu zangu. Siyo haya ya kuchekwa, hiyo huwa naimudu. Nilikuwa naitazama ile mikono ya Bi Zaituni inayoshona kofia, imekunjamana kwa maji, nikawa nahesabu siku tangu mwezi wa tano, na sikuwa na pa kuweka uso.

"Lakini Bibi," nikamuuliza, na kusema kweli nilikuwa nimesahau kwamba tunatazamwa, "kwa nini hukutuambia? Ungetuita tu."

Akanishangaa.

"Nikuite nikuambie nini? Si wewe mwenyewe uliyenisomea yale majina siku mnapanda? Huyu ametoka Chile, huyu wa Ufaransa, huyu wa wapi sijui. Ukaondoka. Sasa mimi mgeni akisimama mlangoni kwangu, kitu cha kwanza nampa maji, habari zake nitamuuliza baadaye. Hawa wamesimama nje ya mlango wangu, sitini, jua kali, na mwenyeji wao haonekani. Nikae ndani nishone kofia?"

Faraji akatia Kiingereza polepole. Mawimbi yale ya lugha yakapita tena, moja baada ya jingine, na kila lilipopita watu walikuwa wanatulia tu. Yule Antwani alikuwa ameinamisha kichwa.

Matilda akasema asante. Bi Zaituni akajibu, "Asante ya nini, mwaja lini mkanywe uji?" Halafu kikaitwa kikundi cha Ghana, na sisi tukatolewa.

Shabani akaiweka simu mfukoni. Tukatazamana.

"Mwenyekiti," akasema, "angalau hukukohoa."

Nilivua koti la dada, nikalitundika kwenye uzio wa Antwani, nikachukua ile ndoo ya kijani nikaingia uani kwa Bi Zaituni. Kisima chake kina kina kirefu. Kamba imekula ukingo wa saruji mpaka imeuchimba njia. Nilivuta ndoo nane. Ya kwanza nilivuta kwa hasira, ya pili kwa majuto, ya tatu na kuendelea nilivuta kwa mgongo, na viganja vikaanza kutoka malengelenge. Bi Zaituni alikaa kwenye kigoda akaniangalia.

"Usimwage haraka," akaniambia kwenye mti wa kumi na mbili. "Maji yanakimbia barabarani. Subiri anywe, halafu mwongeze."

Nikasubiri anywe. Nikamwongeza.

Shabani alikuwa ameshika upande wa pili na ndoo ya kuazima. Hatukuzungumzia tangi. Mimi nilikuwa nimeshalizika kichwani na kulifanyia arobaini. Nilikuwa nawaza wiki ijayo, bomba la shule likifungwa, sisi saba na kisima kimoja cha mtu mzima ambaye hatukuwahi hata kumwomba.

Saa kumi na mbili kasoro, ujumbe ukaingia. Nilikuwa na mikono yenye matope, Shabani akausoma kwa sauti. Akausoma mara ya pili peke yake, midomo inachezacheza. Halafu akanipa simu, matope hayo hayo.

Kamati imechagua Ipuli.

Nilipiga kelele, mbuzi wa jirani wakakimbia. Shabani alikuwa anaruka barabarani kama amefunga bao. Lakini ujumbe ulikuwa mrefu, na mambo marefu husomwa mpaka mwisho. Tangi na pampu vifungwe kwenye kisima cha Bi Zaituni, akikubali. Ufunguo wa koki akae nao Bi Zaituni. Mbinu ya Ipuli iandikwe upya, bila majani. Na kwenye mkutano ujao wa vijana, kikundi chetu kiwakilishwe na Bi Zaituni, atakayezungumza dakika kumi.

Mwenyekiti, yaani mimi, ameombwa kushika simu.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa anatandika jamvi tayari kwa magharibi. Nikapiga magoti tena (leo nimezoea) nikamweleza yote: pampu inavuta yenyewe kwa jua, maji yanapanda tangini, wewe unafungua koki tu, huvuti kamba wala hubebi ndoo.

Akafikiri.

"Na hao wanaonipa hivi, ni wale wale wageni?"

"Ndio hao, Bibi."

"Basi wana adabu." Akafikiri tena. "Sasa mimi nikishakuwa sibebi ndoo, ndoo atabeba nani mpaka kule mwisho karibu na shule?"

"Mimi, Bibi."

"Jumanne?"

"Kila siku, Bibi. Mimi na wenzangu."

Akanitazama muda mrefu, mtazamo ule wa mtu anayepima kitambaa kabla hajakata.

"Haya," akasema. "Baada ya alasiri. Nitakuwa hapa mlangoni."

Nimerudi nyumbani. Mama alikuwa ameshapata habari, sijui kwa njia gani, akaniuliza kwa nini nilimwamkia Bi Zaituni kwa kisogo. Hilo la tangi hakuuliza. Nina furaha mpaka kifua kinaniuma, na aibu hivyo hivyo, na viganja vinawaka moto. Video ya leo mtandao umesema wataiweka hadharani ili vijana wengine wajifunze, kwa hiyo mtaiona tu, siwezi kuwazuia. Nawaombeni mkiiona mtazame miti.

Na wewe unayepanga kuidanganya dunia, hakikisha kwanza jirani yako amesafiri. Bi Zaituni hasafiri.